Joto la Chumba cha Handeni

Asubuhi ile Hamisa alifungua kikapu chake cha kazi akakuta mpira wa maji ya moto haumo. Alitoa kitambaa cha kukandia, akatoa chupa ya mafuta ya nazi, akatoa mkanda wa tumbo, akavipanga kitandani, kisha akakipindua kikapu chenyewe na kukipiga makofi matakoni kama mtoto mtundu. Kikadondosha vumbi na pini moja. Mpira wa maji ya moto si kitu cha kusema kimejificha kwenye pindo. Kuna mtu alikuwa ameuchukua, na ndani ya nyumba ile waliishi watu wawili tu.

Huyo wa pili, mumewe Muhsin, alikuwa nje akipasha moto injini ya kirikuu chake, kigari cha mizigo, kwa safari ya Handeni, anakochukua mahindi na kuyaleta soko la Korogwe.

"Muhsin, hujauona mpira wangu?"

"Mpira gani?" alijibu akiwa ameinamia injini.

Mtu asiyejua kitu angegeuka kuuliza. Huyu hakugeuka. Hamisa aliliweka hilo moyoni pamoja na mengine, maana mengine yalikuwepo, na yalikuwa mengi.

Hamisa ni mkandaji. Pale Kwamndolwa, na hata Korogwe mjini, mwanamke akijifungua akarudishwa nyumbani, wanaomzunguka huulizana kwanza kama Hamisa ameshaitwa. Akifika hufunga madirisha. Jiko la mkaa huwashwa nje mpaka moshi uishe ndipo liingizwe ndani, maji ya moto yakawekwa karibu, na mikono yake ikaanza kazi. Ataagiza supu ya kuku na uji wa pilipili manga, atamfunga mzazi mkanda, na mpira ule atauviringisha kwenye khanga auweke miguuni kwa mtoto. Siku arobaini baridi haikanyagi chumba hicho. Watu humkabidhi watoto ambao hata baba zao hawajawabeba, na heshima yake yote mjini ilitokana na mikono hiyo miwili.

Kwa hiyo vitu vilipoanza kutoka nyumbani kwake kuelekea Handeni, hakuhitaji mtu wa kumfafanulia. Kwanza zilitoweka khanga zake chakavu, zile laini zisizofaa tena kuvaliwa ila zinafaa kumfutia kichanga. Kisha ikaondoka chupa ya chai. Kisha Muhsin akaanza kununua kuku, wazima wazima, akiwafunga miguu na kuwatupa nyuma ya gari. Na kuku wenyewe wadogo, mifupa mitupu! Udogo wa kuku ulimkasirisha Hamisa karibu sawa na kuku wenyewe. Mwanamume anakwenda kuhudumia mzazi wa siri, na huko nako analeta ubahili kwenye supu.

Halafu mashati. Alikuwa akirudi nyumbani shati linanuka mkaa na chumba kilichofungwa madirisha, harufu ambayo Hamisa aliijua kuliko marashi yake mwenyewe. Shati la kwanza alilifua akiwa ameuma meno. La pili alilisukumia uvunguni, likae huko linuke.

Aliyeambiwa haya yote alikuwa Maryamu, jirani yake muuza vitumbua, mwanamke mwenye roho nzuri na mdomo usiofungika. Jambo ukimwambia Maryamu wakati wa vitumbua, wakati wa chakula cha mchana wameshalisikia mpaka Mazinde. Hamisa alilijua hilo, lakini mtu mwenye dukuduku hachagui sikio.

"Na chini ya kiti cha gari nimekuta vipimajoto," alimwambia. "Viwili."

Maryamu aliacha kugeuza vitumbua. "Viwili? Mtu mmoja ana homa ngapi? Mwenzangu, hao mapacha!"

"Usinichekeshe, Maryamu."

"Sikuchekeshi. Mume wako amepata mapacha Handeni, na mzazi anatiwa joto kwa khanga zako. Ningekuwa mimi ningeshafika huko nikawavunjia hilo jiko."

Hamisa hakumweleza kuhusu balbu. Hiyo aliikuta garini, ndani ya karatasi, imewekwa pembeni kwa uangalifu mkubwa, balbu ya zamani ya waya, zile zinazounguza mkono, ambazo maduka mengi yameacha kuuza. Watu huwawashia vifaranga wa kuku. Na wapo wanaowawashia njiti, watoto waliozaliwa kabla ya miezi yao, wasioweza kushika joto wenyewe. Alipoiona balbu ile alikaa chini palepale kwenye kiti cha dereva.

Yeye na Muhsin walijaliwa mtoto mmoja, Ikram. Alizaliwa njiti, mdogo wa kuenea kwenye viganja viwili. Akaongezeka kidogo, wakaruhusiwa kurudi naye nyumbani. Ulikuwa msimu wa baridi kama huu, na Muhsin alikuwa safarini. Hamisa, aliyewatia joto watoto wa nusu ya mji, alikaa usiku kucha na wa kwake kifuani, na ilipokaribia alfajiri akasinzia. Jiko likazimika. Mtoto akateleza kutoka kifuani. Alipozinduka, Ikram alikuwa amepoa.

Hiyo ilikuwa miaka sita iliyopita. Muhsin alirudi, akamzika mwanawe, hakutamka neno moja la lawama. Hamisa angeshukuru kama angelitamka. Tangu siku ile alikuwa akikisikiliza kimya cha mumewe kama mtu anayesikiliza panya darini, akijua yupo ila hajui yuko kona ipi. Alimtazama akila, alimtazama akifunga viatu, akajiuliza kama mwanamume huyu, ndani ya roho yake, anamwona muuaji. Mimba nyingine haikuja. Jina la Baba Ikram, alilozoea kumwita, lilimkauka mdomoni, akawa Muhsin tu.

Kwa hiyo kilichomkosesha usingizi hakikuwa mke wa pili peke yake. Wake wenza wapo, wanawake wengi wanao na wanaishi. Aliogopa kwamba Muhsin amekwenda kujitafutia mwanamke ambaye hatasinzia.

Basi asubuhi hiyo ya mpira, simu ya Muhsin ililia ikiwa juu ya boneti. Hamisa aliwahi kuchungulia jina kabla mkono wa mumewe haujafika. Namelok. Muhsin aliinyakua, akasogea mpaka kwenye ua wa miti, akazungumza kwa sauti ya chini, lakini ua wa miti hauzuii kitu.

"Joto limeshuka? Tangu saa ngapi? ... Ongeza mkaa, ila moshi uishe kwanza. Na mlango usimfungulie mtu. Nakuja, nakuja na mpira."

Nakuja na mpira! Hamisa alihisi damu inampanda kichwani. Alisimama mlangoni mikono kiunoni, akamwangalia mumewe akipanda gari bila kumtazama usoni, akaliangalia gari likitokomea na ule mlango wake mmoja wa bluu, mlango wa kuazima kutoka gari jingine. Kisha akajitupia mtandio kichwani na kwenda kwa Maryamu.

"Zima moto," alisema. "Tunakwenda Handeni."

Maryamu hakuuliza hata swali. Vitumbua vilivyobaki alivigawa bure kwa waliokuwepo, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu aanze biashara.

Ilikuwa siku ya mawingu, na manyunyu yaliyokuwa yakianguka na kukatika. Tangu basi lilipovuka daraja la Pangani, Hamisa alikuwa akipanga maneno. Alimpangia Muhsin yake, akampangia huyo Namelok yake, akayapitia tena na tena kama mwanafunzi anayekariri. Jina la Kimaasai, alijiambia. Binti wa wafugaji, bila shaka mrefu, shingo ndefu, amezoea maziwa, na mwenye maziwa ya kunyonyesha hata hao mapacha. Kadiri alivyomfikiria ndivyo binti yule alivyozidi kuwa mzuri, mpaka walipofika stendi ya Chanika, pale Handeni mjini, alikuwa mzuri kiasi cha kutovumilika.

"Kirikuu chenye mlango wa bluu?" kijana wa bodaboda alisema. "Kipo kwa Mama Namelok, njia ya mnadani. Siku hizi hakikosekani pale."

"Umesikia?" Maryamu alimfinya Hamisa. "Hakikosekani."

Nyumba ilikuwa ya bati, ina chumba kimoja cha nyuma kilichojitenga, na dirisha la chumba hicho lilikuwa limezibwa kwa blanketi. Hamisa aliona blanketi lile kabla ya kuona kingine chochote. Gari lilikuwa limeegeshwa ubavuni. Alipiga hodi kwa sauti iliyojaa yale maneno yote ya kwenye basi.

Aliyetoka alikuwa bibi mwenye mvi, ndewe za masikio zimening'inia kwa ushanga, shuka jekundu begani, na meno machache aliyobaki nayo akayaonyesha yote kwa kutabasamu.

"Shikamoo, bibi," Hamisa alisema. Yale maneno ya kwenye basi yakaishia hapo.

"Marahaba, mwanangu."

"Tunamtafuta Namelok."

"Ni mimi."

Maryamu alimsogelea Hamisa sikioni. "Huyu? Huyu ndiye kazaa? Basi ana binti yake humo ndani. Usidanganyike na shikamoo."

Bibi alikuwa akimwangalia Hamisa mikono, si uso. "Wewe ndiye Hamisa," alisema taratibu. "Anayekanda wazazi. Mume wako ananiambia habari za mikono yako kila siku."

Hamisa alikaza mtandio wake. Hivyo hata huku, mbele ya mwanamke wake, Muhsin alikuwa akimtaja! Alimtaja kusema nini? Kwamba ana mke mkandaji aliyeshindwa na wa kwake?

"Nimekuja kumwona mzazi," alisema, na sauti ilimtoka kavu.

Bibi Namelok alimtazama Maryamu kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili, akarudi kwa Hamisa. "Wewe ingia. Mwenzio atakunywa chai na mimi hapa jikoni. Chumba kile hakitaki watu wengi, baridi inaingia."

Maneno hayo hayo Hamisa alikuwa ameyasema kwenye milango ya vyumba vya wazazi tangu ujana wake. Alipiga moyo konde, akavuka ua, akasukuma mlango.

Pua yake ndiyo iliyoshtuka kwanza. Joto lilikuwepo, joto zuri la kupimwa, lile linalokukumbatia bila kukubana pumzi. Mkaa ulikuwepo, umewaka mpaka ukawa mwekundu mtupu. Lakini harufu ya maziwa haikuwepo. Hapakuwa na harufu ya damu ya uzazi, wala mafuta, wala pilipili manga. Kilikuwa chumba cha mzazi kisicho na mzazi. Muhsin alikuwa ameketi kwenye kigoda akiupa mlango mgongo, na mbele yake kulikuwa na kasha la mbao, refu kama kitanda cha mtoto, mbele lina kioo, juu limefunikwa khanga zake. Balbu ya waya iliwaka ndani yake. Vile vipimajoto viwili vilikuwa vimefungwa kwa kamba, kimoja upande huu na kingine upande ule.

"Yeyo, funga mlango upesi," Muhsin alisema bila kugeuka, akidhani ni bibi, ambaye humwita mama kwa Kimaasai.

Hamisa aliufunga. Alikwenda moja kwa moja kwenye kasha, akamsukuma mumewe bega, akafunua khanga.

Mpira wake ulikuwa mle. Na kilichouzunguka mpira, kimejikunja juu yake kama aliyekumbatia, kilikuwa kinene kuliko mkono wa Muhsin, kina mabaka ya kahawia na njano, na kichwa chake kilikuwa kimelazwa juu kabisa, macho wazi, kikimtazama.

Hamisa alifungua mdomo. Muhsin aliuziba kwa kiganja.

"Usipige kelele. Nakuomba kwa Mungu, usipige kelele. Hana sumu. Ni chatu tu, na ni mgonjwa. Umekuja na nani?"

"Maryamu," Hamisa alisema ndani ya kiganja.

Rangi ilimtoka Muhsin. Alimwachia mkewe, akarudisha khanga juu ya kasha haraka haraka, akasimama kati ya kasha na mlango kana kwamba Maryamu angeweza kuona ukutani. Na Hamisa alielewa kwa nini hata kabla hajaambiwa. Korogwe hakuna asiyejua habari za joka la mali. Mtu akionekana ana nyoka chumbani, anayelishwa kuku na kufunikwa nguo, hakuna atakayeuliza kama nyoka ni mgonjwa. Watasema anamtapikia hela. Watasema analishwa damu, na damu bora ni ya vichanga. Na mke wa mtu huyo akishika mtoto wa nani tena? Nani angemfungulia mlango Hamisa na kikapu chake? Hata Ikram, alifikiri, na moyo ukamlipuka. Hata Ikram wangefukua kifo chake na kukisema upya.

"Wa nani?" alinong'ona.

"Wa mzee Semboja."

Hamisa alimjua Semboja kwa jina, Mzigua mmoja aliyezunguka shule kwa shule na chatu wake kwa kibali cha maliasili, akiwafundisha watoto wasiue kila nyoka wanayemwona. Muhsin ndiye aliyekuwa akimbeba kwenye gari. Mzee amepooza upande mmoja, Muhsin alieleza, watoto wake wamempeleka Dar es Salaam, na alichomudu kusema kabla hajaondoka ni kwamba mnyama asipate baridi. Mzee alikuwa mpangaji wa Bibi Namelok, na bibi hana hofu. Kwa ukoo wao nyoka akiingia bomani hupewa maziwa, hapigwi.

"Si umwachie porini!"

"Amezaliwa ndani ya kasha, Hamisa. Hajui hata kuwinda. Na kifua kimembana, anatoa mapovu mdomoni. Bwana mifugo kasema ni baridi. Huyu hajitengenezei joto mwenyewe, anategemea la nje. Upande huu nyuzi thelathini na mbili, zisishuke chini ya thelathini. Upande ule ishirini na sita, ili akisikia joto limezidi ahamie mwenyewe. Akipoa, alichokula kinaoza tumboni. Akizidishiwa joto anaungua ngozi wala hashtuki. Ndiyo maana nimeuviringisha mpira kwenye khanga, kama unavyofanya wewe."

Alizungumza haraka, macho yako kwenye kipimajoto. Hamisa alimtazama. Mumewe alikuwa amekonda, macho mekundu, ndevu hazijakatwa. Aliitazama balbu, na jiko lililowekwa mbali ili hewa isiharibike, na blanketi la dirishani lililokunjwa pembeni liruhusu upepo kidogo. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Kilikuwa chumba alichokihitaji miaka sita iliyopita, chote, mpaka kipimo cha mwisho, na ndani yake alikuwa amelazwa nyoka. Uchungu wake ukaipita hofu yote.

"Haya yote unayajua," alisema. "Haya yote unayafanya. Kwa huyu."

Muhsin aliinama akakinyoosha kipimajoto.

"Niambie leo, Muhsin. Unanilaumu?"

Mvua ilikuwa ikidonoadonoa bati. Kutoka jikoni ilisikika sauti ya Maryamu ikimuuliza bibi ana mabinti wangapi.

"Nilikulaumu," Muhsin alisema.

Basi panya alikuwa kweli darini. Hamisa alitazamia ataanguka, lakini hakuanguka, alishika tu ukingo wa kasha. Alikuwa amejua. Miaka yote ile hakuwa kichaa, hakuwa na wivu wa bure, alikuwa amejua.

"Sitakudanganya," Muhsin aliendelea. "Nilijiambia, yeye ndiye fundi wa joto, alisinziaje? Nimekaa na neno hilo kifuani tangu tumzike. Halafu nikaletewa huyu. Juzi nimekaa hapahapa kwenye kigoda. Balbu ninayo, mkaa ninao, vipimo viwili, bibi yuko upande wa pili, na mimi mwanamume mzima ambaye sikuzaa juzi wala sina kidonda. Nikasinzia, Hamisa. Sijui hata kama nilisinzia, nilifumba macho tu. Nilipofumbua umeme haupo, jiko jivu tupu, na mnyama baridi kama jiwe la mtoni. Nilimpandisha kifuani kwangu nikawa nalia. Bibi alinikuta hivyo. Nikasema, kumbe ni hivi. Kumbe ni kitu kidogo hivi."

Alijifuta uso kwa bega la shati, lile shati linalonuka mkaa.

"Nilitaka nikwambie. Kila siku nafika nyumbani na neno liko hapa mdomoni. Nikwambieje? Nianze na nyoka?"

Hamisa alilia bila sauti, jinsi wanavyolia watu wenye jirani kama Maryamu. Hakujua kama alikuwa akilia kwa sababu amelaumiwa au kwa sababu ameachiliwa. Alitaka kumpiga mumewe kofi, na alitaka kumshika kichwa. Hakufanya hata kimoja, kwa sababu wakati huo balbu ilizimika.

Chumba kikawa kiza. Muhsin alisimama ghafla mpaka kigoda kikaanguka.

"Umeme! Tena! Mpira nao umeshapoa, nilitaka kuujaza, maji..."

"Tulia," Hamisa alisema.

Alitia mkono chini ya khanga. Hakujiuliza, maana angejiuliza asingetia. Mgongo wa mkono wake ulipita kwenye ngozi kavu, laini, iliyokuwa ikihema kwa shida, akausikia mkoromo wa kile kifua kilichobanwa, na vidole vyake vikafika kwenye mpira. Ulikuwa vuguvugu la kufa, si la kusaidia mtu. Aliuvuta taratibu. Mnyama alijisogeza kuufuata.

Mlango uligongwa.

"Hamisa!" ilikuwa sauti ya Maryamu, imeshachoka na chai. "Hamisa, kuna nini humo? Wamekufanyaje? Yuko wapi huyo mwanamke? Nafungua!"

Muhsin alimtazama mkewe. Hamisa alijifuta uso kwa mtandio. Alifika mlangoni akaufungua upana wa mwili wake tu, akausimamia, mpira mkononi.

Maryamu alinyoosha shingo upande huu na upande ule. Ndani kulikuwa na kiza na wekundu wa jiko, na mwanamume ameinamia kitanda kidogo kilichofunikwa khanga.

"Yallah," Maryamu alisema kwa sauti ya chini. "Ni kweli?"

Hamisa aliyaona yote yanayokuja. Kabla ya jioni Kwamndolwa nzima itajua. Atapita sokoni akipewa pole za huruma, wanawake watamkata jicho, watasema Hamisa masikini, mume kaenda kuzaa Handeni, na yeye kaenda kumkandia. Siku moja wataulizia mtoto, naye itabidi awe na jibu. Lakini watamwonea huruma wakiwa wamemfungulia mlango, na vichanga vyao watampa. Mwenye joka hawatampa hata maji ya kunywa.

"Ni kweli," alisema.

"Mapacha?"

"Mmoja. Njiti." Neno lilimkwama kidogo, kisha likatoka. "Umeme umekatika na mpira umepoa. Chukua, kamwambie Bibi Namelok aujaze maji ya moto. Yasiwe ya kuchemka, yawe ya mkono. Kimbia, Maryamu."

Maryamu aliupokea mpira kwa mikono yote miwili. Machozi yalikuwa yameshamlenga, maana roho yake ilikuwa nzuri kweli. "Na wewe utakaa umhudumie? Baada ya alivyokufanyia?"

"Nitakaa."

"Mtoto wa mwenzio?"

Hamisa aligeuka akatazama ndani. Muhsin alikuwa amepiga magoti kwenye kiza, amevua shati lake na kulilaza juu ya kasha, na viganja vyake viwili vimelala juu ya shati bila kutikisika.

"Wa Baba Ikram," alisema. "Haya, nenda. Nafunga mlango, baridi inaingia."